Kirusi cha visiwani na kirusi cha mjini: kwanini VVU havifanani kila sehemu

Wiki mbili zilizopita mama mdogo kanipigia simu saa nne usiku, na yeye saa hizo huwa kashalala maana alfajiri anatakiwa awe Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, kupokea dagaa wake wanaotoka visiwani, nikajua hapa kuna jambo. Akaniambia, mwanangu, kuna ujumbe unazunguka kwenye grupu letu la wachuuzi, unasema ukimwi wa visiwani sio huu wa mjini, ule wa kule ni mbegu nyingine kabisa, kali, haisikii dawa, ndo maana wavuvi wanaisha, sasa we umesomea maabara, ni kweli? Alafu akanyamaza kidogo. Maana mdogo wako anaolewa kisiwani Ukara, akasema.

Nilimjibu kwa kifupi usiku ule ila jibu fupi halikunitosha hata mie mwenyewe. Ndani ya ule ujumbe kuna punje ya kweli imefunikwa na uongo mwingi, na ukikataa vyote kwa mkupuo mtu anabaki ameishika ile punje na anakuona wewe ndo muongo. Ni kweli VVU viko vya aina nyingi. Ni kweli pia hizo aina hazijagawanyika sawa duniani, inayotawala Marekani sio inayotawala huku kwetu, na hata Mbeya na Mwanza hazifanani. Ila sababu ya kuwa hivyo, na maana yake kwa binti anayeolewa Ukara, hapo ndo watu wanapopotea.

Tuanze na jinsi kirusi kinavyojinakili, maana bila hiyo huwezi kuelewa mengine. Waliosoma shule zetu wanakumbuka, kitabu kimoja darasa zima, mwalimu anamuachia monita anaandika ubaoni nyie mnanakili. Wa nyuma haoni vizuri anakosea herufi mbili tatu, kesho yule aliyekuwa anaumwa anakuja kunakili kwenye daftari la wa nyuma, anabeba makosa yale na kuongeza ya kwake. Ukifika daftari la ishirini ni notsi zilezile za baiolojia ila makosa yake yana historia, ukikaa chini ukayasoma vizuri unaweza kusema huyu alinakili kwa fulani, na fulani alinakili kwa yule wa dirishani.

VVU ni notsi fupi sana, herufi kama 9,700 tu. Na kimeng'enya chake cha kunakili hakina tabia ya kurudi nyuma kukagua. Seli zetu zikinakili DNA zinakagua na kusahihisha, hiki hakikagui, kinaandika tu kinasonga mbele. Sasa mtu ambaye hajaanza dawa mwili wake unaweza kuzalisha virusi kama bilioni 10 kwa siku, kila siku, kwahiyo makosa ni mengi mno, mengine yanakiua kirusi chenyewe, mengine hayana madhara, machache yanakisaidia kujificha kinga ya mwili isikitambue. Kuna ulinganisho mmoja wa watafiti huwa naurudia kila nikipata nafasi: utofauti wa virusi ndani ya mwili wa mtu mmoja aliyeishi navyo miaka kama 6 unakaribiana na utofauti wa virusi vya mafua vya dunia nzima kwa mwaka mmoja. Mtu mmoja!

Alafu kuna kitu kingine. Mtu akipata virusi vya aina mbili tofauti na vyote viwili vikaingia kwenye seli moja, kile kimeng'enya kinaweza kuanza kunakili daftari hili, katikati kikarukia daftari lile, kinachozaliwa hapo ni chotara, nusu ya huyu nusu ya yule. Hii inatokea sana, na inatokea zaidi pale ambapo aina nyingi zinaishi pamoja. Shika hilo maana tutarudi nalo kwetu.

Sasa wataalamu wameviweka kwenye koo. VVU namba moja viko makundi manne, M, N, O na P, na kundi M ndilo lililotapakaa dunia nzima, hayo mengine yamebaki zaidi kule Kameruni na majirani zake. Ndani ya M kuna sabtaipu, yaani koo ndogo, A, B, C, D, F, G, H, J, K na L iliyotangazwa 2019. Ukiona E na I hazipo sio kwamba zilisahaulika, walizichunguza zaidi wakakuta ni chotara. Na machotara yaliyosambaa mpaka yakapewa namba yake ni zaidi ya 100. Kati ya sabtaipu moja na nyingine, ile sehemu ya jeni inayotengeneza ganda la nje inaweza kutofautiana asilimia 17 mpaka 35. Kwa kitu kidogo hivyo ni tofauti kubwa sana.

Kwanini basi zisichanganyike sawa kila mahali? Hapa naomba tuangalie ziwa letu lenyewe. Ziwa Victoria lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita likaja kujaa tena, na ndani ya muda huo, ambao kwa hesabu za dunia ni kama jana, furu, wale samaki wadogo wa ziwa hili, wakagawanyika wakawa aina zaidi ya 500, wa mawe, wa mchanga, wanaokula konokono, wanaokula wenzao. Sangara sio wa hapa, aliletwa miaka ya 1950 toka maji mengine. Ndo maana sangara wa Ukerewe, wa Kome na wa Kisumu ni samaki yuleyule, wametokana na wachache waliomwagwa humu na hawajakaa muda wa kugawanyika. Kwahiyo mtu asiyejua historia yoyote ya ziwa, akipewa tu samaki wa kuhesabu, anaweza kukwambia yupi mwenyeji na yupi mgeni. Palipo na aina nyingi, ukoo umekaa sana. Palipo na aina moja tu imejaa, kuna wachache waliingia wakakuta nafasi wakazaliana haraka.

VVU ni hivyohivyo. Ukihesabu aina duniani, sehemu iliyo na utajiri kuliko zote ni Kongo, hasa Kinshasa, sabtaipu karibu zote ziko pale na nyingine ambazo hata hazijapata jina. Chanzo cha kundi M ni virusi vya sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni, vikamuingia binadamu, na hesabu za jeni zinaonyesha viliota mizizi Kinshasa miaka ya 1920 hivi, enzi hizo unaitwa Léopoldville. Kuna damu ya mwaka 1959 na kipande cha tezi cha mwaka 1960, vyote vya pale pale mjini, vimehifadhiwa, vikaja kusomwa baadae. Virusi vya hao watu wawili vilitofautiana kwa kama asilimia 12. Watu wawili, mji mmoja, mwaka mmoja umepishana, na tayari tofauti kubwa hivyo, maana yake kirusi kilishakuwa humo miongo kadhaa kabla ya mtu yeyote kukijua.

Toka hapo ni historia ya usafiri tu. Reli za Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1940 zilikuwa zinapitisha watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka pale Kinshasa. Sabtaipu C ikapata nafasi miji ya madini huko kusini, Mbuji-Mayi na Lubumbashi, ikashuka nao mpaka Zambia, Zimbabwe, Afrika Kusini, ikafika Ethiopia, ikafika India, leo ndiyo kubwa kuliko zote, karibu nusu ya maambukizi ya dunia. B ilivuka bahari ikafika Haiti miaka ya 1960, toka Haiti ikaingia Marekani mwanzoni mwa 1970 hivi, alafu Ulaya. Marekani hawakupata B kwa sababu ya damu yao au hali ya hewa yao. Walipata B kwa sababu ndiyo iliyotangulia kufika, kama sangara. Yule mwanafunzi mmoja aliyehamia shule mpya na daftari lake, shule nzima ikanakili makosa yake. Angehama mwingine makosa yangekuwa mengine.

Na huku kwetu? Hesabu za jeni zinaonyesha A na D ziliingia Afrika Mashariki toka Kongo baada ya 1950, zikakaa kimya kimya, alafu miaka ya 1970 zikaanza kupanda kwa kasi. Mwanzoni mwa miaka ya 80 watu wanaanza kuisha huku magharibi mwa ziwa, Rakai upande wa Uganda wakauita slim, na Kagera wazee wanakumbuka ulivyoitwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zinaletwa na wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka. Wagonjwa wa kwanza waliothibitishwa Tanzania ni wa Kagera mwaka 1983. Kufikia 1986 mikoa yote ya bara ilishatoa taarifa ya wagonjwa. Miaka mitatu tu.

Sasa ukiitazama ramani utaona kwanini Tanzania iko vile ilivyo. Kenya A imetawala. Uganda ni A na D. Zambia na Malawi ni C. Sisi tumekaa katikati, kaskazini tunapokea za kaskazini na kusini tunapokea za kusini, ndo maana Mbeya C ndiyo kubwa na huku Mwanza unakuta A, D na C zote zipo, pamoja na machotara yao. Kumbuka nilisema chotara anazaliwa pale aina zinapokutana. Mwanza watu wanakutana, bwana. Malori ya Kongo na Rwanda, mzigo wa samaki kwenda Nairobi, wachimbaji wa Geita, wanafunzi, meli za Bukoba, kila mtu anapita hapa. Hakuna cha ajabu wala cha aibu, ni mji wa njia panda na jeni za kirusi zinasema hivyohivyo.

Hapo mama mdogo aliniuliza swali ambalo ndo lenyewe hasa. Haya, hizo A na D ziko mjini, na kisiwani je, kule hakuna ya kwao?

Hakuna, mama. Mvuvi wa Goziba au Ukara hana sabtaipu yake. Hizo hizo A, D, C na chotara ndizo zilizoko mwaloni, kwenye kambi za wavuvi, na ndizo zilizoko mjini na ndizo zilizoko kijijini kwa wakulima wasiojua hata kupiga kasia. Na haiwezi kuwa vinginevyo. Ili ukoo wa kirusi ujitenge uwe wa kisiwa fulani inabidi watu wa kisiwa hicho wakae peke yao miaka na miaka, na mimi sijawahi kuona watu wanaotembea kama wavuvi, mwezi huu yuko Kome, mwezi ujao kasikia dagaa wamekolea kisiwa cha Ghana humuhumu ziwani huyo kashaenda, mwezi wa giza ukiisha yuko Mwanza anakula hela yake.

Ila kuna jambo zito zaidi kwenye hili na ndilo lililonifanya nikae niandike. Kwa miaka mingi wavuvi wamebebeshwa lawama, kwamba wao ndo wanautoa ziwani na kuuleta bara. Hata watu wa afya wengine walikuwa wanaongea hivyo, kwamba tukiuzima mwaloni tumeuzima mkoa. Na ukiangalia namba tupu unaona kama wana hoja, kwa mfano kule Rakai vijiji vya wavuvi vilikutwa na maambukizi karibu watu 4 kati ya 10, wakati vijiji vya wakulima ni kama 1 au 2 kati ya 10. Mtu akiona hivyo anasema si unaona, moto unatokea kule.

Sasa watafiti wa Rakai wakachukua damu za watu wa mwaloni na za watu wa bara, maelfu, wakasoma jeni za virusi vya kila mmoja kwa undani. Ile habari ya madaftari. Kama virusi vya mtu wa pili vyote vimechipuka ndani ya tawi moja la virusi vya mtu wa kwanza, inaelekea wa kwanza ndo chanzo, kama vile ukikuta daftari lina makosa yote ya Juma pamoja na mengine mapya unajua limetoka kwa Juma na sio Juma kanakili kwake. Kwa mtu mmoja mmoja hiyo haitoshi kumnyooshea mtu kidole, maana anaweza kuwepo wa tatu katikati ambaye hakupimwa, na mimi nasema wazi asije mtu akataka kutumia hii kumshtaki mume au mke. Ila ukiunganisha jozi nyingi unaona mwelekeo wa mto. Na mwelekeo waliokuta, matokeo yakatoka 2020, ni kwamba virusi vilikuwa vinatoka bara kwenda mwaloni zaidi kuliko vinavyotoka mwaloni kwenda bara. Kinyume kabisa cha maneno ya mtaani. Mwalo ulikuwa unapokea zaidi ya unavyogawa.

Na ukifikiria inaingia akilini. Anayekwenda kambini ni kijana aliyetoka bara kutafuta maisha, ni dada aliyeachika kaenda kufungua mgahawa, wengine wanafika tayari wameshaambukizwa nyumbani. Kule hospitali mbali, watu wanaingia na kutoka, kwahiyo maambukizi yanajikusanya. Tumewaita chanzo kumbe sisi wa bara ndo tumewapelekea zaidi. Mimi nina binamu wawili waliokulia kambini na najua walivyokuwa wanaangaliwa wakija mjini, kwahiyo hii sehemu siisemi kwa utulivu sana.

Haya, tuje kwenye ukali. Je kuna aina kali kuliko nyingine? Ndiyo, kidogo, na ndo ile punje ya kweli. Tafiti za Rakai na za Dar es Salaam zilionyesha watu wenye D ambao hawajaanza dawa CD4 zao, yaani seli za kinga, zilishuka haraka kuliko wenye A, waliugua mapema zaidi. Na A inaonekana inaambukiza kirahisi kuliko D, ndo maana Rakai sehemu ya D imekuwa ikipungua miaka inavyokwenda na A inaongezeka. Ila hiyo D haikai kisiwani tu, iko Kampala, iko Mwanza mjini, iko popote, alafu tofauti hizo zinaonekana kwa mtu asiyetumia dawa. Akishaanza dawa na virusi vikashuka mpaka havionekani kwenye kipimo cha wingi, herufi ya sabtaipu yake haina kazi tena kwake, na hawezi kumuambukiza mwenzie kwa tendo la ndoa awe ana A, C, D au chotara.

Kuhusu "haisikii dawa". Kuna virusi kweli vilivyozaliwa havisikii baadhi ya dawa, VVU namba mbili vya Afrika Magharibi na vingi vya kundi O, hivyo nevirapine na efavirenz haziviwezi. Vya kwetu sio hivyo. TLD, kidonge cha VVU ambacho CTC zetu, zile kliniki za VVU, zilianza kukitoa 2019, inafanya kazi kwa A, C, D na machotara yake. Usugu tunaouona huku hauji na kabila la kirusi, unatengenezwa ndani ya mtu pale dozi inapokatika katika, dawa ikipungua mwilini virusi vinaamka, vinanakili, vinakosea, na kosa moja likiwa limeangukia pale dawa inaposhika basi hicho ndo kinachobaki. Sasa mtu kadi yake ya dawa iko Nansio, Ukerewe, kambi imehamia kisiwa kingine, ziwa limechafuka siku nne, vidonge vimeisha. Hapo ndo "haisikii dawa" inapozaliwa, na dawa yake ni kumpa mvuvi vidonge vya miezi mingi kwa mara moja na kumfuata kambini, sio kumuogopa.

Kuna sehemu moja ambapo huu utofauti wa sehemu kwa sehemu unatutesa kweli na ni chanjo. Vipimo walirekebisha, miaka ya 90 iligundulika baadhi ya vipimo vinavipita virusi vya kundi O bila kuviona, wakavitengeneza upya. Chanjo imegoma. Ile ya Thailand ya 2009, iliyopimwa kwa watu zaidi ya 16,000, ilitengenezwa kwa kufuata virusi vya kule kwao, ikazuia kama asilimia 31, wakaichukua wakaibadilisha ifuate sabtaipu C, wakaipeleka Afrika Kusini kwa watu zaidi ya 5,400, ikasimamishwa 2020 maana haikukinga. Jaribio lingine lilihusisha Mbeya na Dar es Salaam pamoja na Masaka, karibu kabisa na ziwa, nalo chanjo zake zikasimamishwa 2023. Kila ukifundisha kinga itambue sura moja, kirusi kina sura nyingine elfu. Ndo maana mimi moyo wangu uko zaidi kwenye sindano ya kinga ya lenacapavir, ambayo sio chanjo ni dawa, unachomwa mara mbili kwa mwaka. Kwenye jaribio la Uganda na Afrika Kusini lililotoka 2024, mabinti na wanawake 2,134 waliopewa hiyo sindano hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, na Uganda na Afrika Kusini sabtaipu zao ni tofauti kabisa.

Nilivyomaliza kumueleza mama mdogo haya yote, safari hii ana kwa ana pale kwenye magunia yake, hakuuliza tena habari ya A wala D. Aliuliza, kwahiyo sisi wa huku juu ndo tunawapelekea wao? Nikamwambia kwa Rakai ndivyo ilivyoonekana, zaidi sisi kuwapelekea kuliko wao kutuletea. Akatikisa kichwa, akatoa simu kwenye kanga akanipa, akasema nirekodie hicho kipande tu, cha Rakai, uongee polepole, niwarushie grupu. Nikarekodi dakika tatu nimesimama katikati ya harufu ya dagaa na kelele za wapakuaji. Harusi ya Ukara ni mwezi wa nane, mdogo wangu na mwenzie wameshapanga siku ya kwenda kupima pamoja Nansio.